Tiketi nzuri, hoteli mbovu: uzoefu wangu na wakala wa safari wa Mbeya

Mke wangu alipata kiharusi miaka michache iliyopita, na tangu hapo mguu wake wa kushoto haumtii. Nyumbani hutembea kwa fimbo, lakini safarini hatuwezi bila kiti mwendo. Binti yetu anayesoma Wageningen, Uholanzi, alipotuita tukamtembelee, nilikwenda kwa wakala mmoja wa safari hapa Mbeya mjini, ambaye sitamtaja kwa kuwa nina sifa na lawama juu yake.

Sifa ndiyo kubwa. Dada aliyetuhudumia hakuanza na bei, bali aliuliza, "Mzee, mama anaweza kupanda ngazi za ndege mwenyewe?" Nilijibu, kwa ile haya ya kutotaka kumdhalilisha mke mbele ya watu, kwamba anajitahidi. Hakuridhika, alimgeukia mwenyewe na kumwuliza anapanda ngazi ngapi, naye akasema tatu, tena akiwa ameshikwa. Ndipo nilipojifunza kwamba mashirika ya ndege yana alama tofauti: WCHR ni ya anayepanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS ni ya asiyeweza ngazi ila hujifikisha kitini, na WCHC ni ya anayehitaji kusaidiwa mpaka kwenye kiti chake. Kwa jibu langu tungeandikiwa ya kwanza, na pale Songwe, ambako abiria huvuka uwanja kwa miguu na kupanda ngazi, tungeumbuka. Yeye aliandika WCHS na kutuma taarifa wiki mbili kabla, ingawa kwa kawaida mashirika hutaka saa 48. Kiti mwendo chetu kilisafiri bila malipo.

Vilevile aliikataa tiketi ya bei nafuu iliyokuwa na saa moja na nusu tu ya kubadilisha ndege Istanbul, akieleza kwamba abiria anayesaidiwa hushuka wa mwisho. Tulilipa zaidi kidogo tukapata saa nne, na kwa kweli zaidi ya saa moja iliishia katika kusubiri msaidizi na kwenda msalani. Kuhusu visa ya Schengen, ile ya kuingilia Uholanzi na nchi nyingi za Ulaya, sina la kusimulia, isipokuwa mtu ajue kwamba mgonjwa naye hufika mwenyewe Dar es Salaam kutoa alama za vidole, kama hajazitoa ndani ya miezi 59 iliyopita.

Lawama ni hoteli ya Amsterdam. Wakala aliuliza kama ina lifti, akajibiwa kuwa ipo, na akaridhika. Lifti ilikuwepo kweli, lakini kati ya barabara na lifti hiyo palikuwa na ngazi tano nyembamba, zenye mwinuko mkali kama zilivyo katika nyumba nyingi za kale za kandokando ya mifereji ya mji ule, na mlango wa bafu haukupitisha kiti mwendo. Kwa siku tatu mke wangu alioga kwa beseni, akiwa ameketi kitandani, na hakulalamika, jambo lililoniuma kuliko kama angelalamika. Niliporudi nikadai sehemu ya fedha, wakala alinielekeza kwa hoteli, na hoteli ikanirudisha kwa wakala.

Tunakusudia kwenda tena kwa mahafali. Tiketi nitakata palepale, na nitamtaka dada yuleyule. Malazi nimemkabidhi binti yetu: ameshanunua futi ya kupimia, na kiti chetu kina upana wa sentimita 64.