Brashi ya chemba kwa bunduki ya .308, hewa ya Mombasa

Naipa nyota nne kati ya tano. Imemaliza tatizo ambalo kulabu mpya ya bolti (ndoano ya kuvuta ganda, kwenye chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) ilishindwa nalo: ganda tupu la risasi kung'ang'ania chembani, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, baada ya kufyatua.

Bunduki yenyewe ni ya bolti, muundo wa kuwindia. Kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, ni ya uwanja wa shabaha tu, na muda mwingi imo kabatini ikinyonya unyevu wa pwani. Wengi tunasafisha mtutu tukidhani chemba nayo imesafika. Wapi! Tundu la mtutu ni milimita 7.62, na chemba upande wa nyuma ni karibu 12. Brashi ya mtutu inapita katikati bila kugusa kuta.

Kabla hujanunua chochote, jua kwanza kinachokwama ni kipi. Mkono wa bolti ukiwa mzito kuinuka, ganda limeshika kuta: chemba ni chafu, imeliwa na kutu, au presha imezidi, mathalani kwa risasi zilizoachwa juani ndani ya gari. Bolti ikifunguka laini lakini ikarudi tupu, angalia kulabu: masizi au chembe za shaba zimejaa chini yake, ncha imebutika, au springi imechoka. Ganda likitoka chembani lakini lisiruke nje, hilo ni la kirusha ganda. Mara nyingi kulabu haina kosa.

Matumizi: toa magazini, hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kidole, chomoa bolti. Paka dawa ya masizi, subiri dakika 15, ingiza brashi kwa nyuma, izungushe upande mmoja mara kumi. Futa mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha kausha kabisa. Mafuta yakibaki humo, ganda halishiki kuta na msukumo wote unaiangukia bolti.

Ganda tupu lililonasa husukumwa kwa ufito kutokea mdomo wa mtutu, kwa kugonga taratibu. Risasi nzima iliyonasa usiiguse kwa ufito kamwe. Elekeza mtutu pasipo na mtu, mwite fundi wa silaha.

Nyota moja nimeikata kwa sababu waya wa katikati ni wa chuma, na kwa chumvi ya hapa umeshaanza kuota kutu. Kila ukimaliza, ioshe brashi kwa dawa uikaushe.

Na risasi msizihifadhi kwenye mkanda wa ngozi. Shaba huota ukoko wa kijani, nao huingia moja kwa moja chembani.