Mashine ya umeme ya kunyolea kondoo: uzoefu wangu hapa Kisesa, Mwanza

Nianze na wasioihitaji. Kama kondoo wako ni wa kienyeji, wale wa mkia mnene waliojaa kanda hii, fedha yako ibaki mfukoni. Wana nywele fupi, hawanyolewi. Mimi niliinunua kwa ajili ya chotara wa Dorper. Dorper halisi hupukutisha manyoya mwenyewe. Aina hiyo ilianzishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumchanganya Dorset Horn mwenye sufu na Persian wa kichwa cheusi mwenye nywele. Chotara ndio hawatabiriki: huyu anapukutisha yote, ndugu yake anabaki na blanketi la sufu mgongoni, limegandamana na kinyesi na mbigiri. Likilowana masika yote, ngozi iliyo chini inaoza, nzi wanataga, nawe unashinda ukiokota funza. Kupe nao wanajificha humo, dawa ya kunyunyiza isiwafikie.

Mashine yenyewe ni ya kushika mkononi na imeandikwa wati 500. Chini ina kitana cha meno 13, juu yake kinacheza kisu cha ncha nne. Ubora wote uko kwenye skurubu kubwa ya kukazia. Ukiilegeza, kisu kinavuta manyoya badala ya kukata. Ukiikaza mno, chuma kinachemka. Mimi naikaza hadi mlio ubadilike, naregeza kidogo, kisha nadondosha mafuta ya cherehani. Kila nikimaliza kondoo mmoja nagusa kitana kwa mgongo wa mkono. Kikiwa cha moto tunapumzika wote, maana kinababua ngozi.

Kondoo asinyolewe akiwa amelowa, wala ameshiba. Nawanyima majani tangu jioni ya siku iliyotangulia, kwa sababu utamketisha matakoni, mgongo ukiegemea miguu yako, na tumbo lililojaa linambana pumzi. Akishaketi hivyo hutulia kwa namna ya ajabu, hata kijana anayenisaidia alidhani kondoo amezimia. Naanzia tumboni, nikifunika chuchu kwa kiganja, halafu naenda ubavuni na mgongoni. Ngozi ivutwe iwe imenyooka, hasa kwapani na shingoni penye mikunjo. Hapo ndipo majeraha yanapotokea. Kwenye mwili mkavu na msafi mashine hii inateleza vizuri sana. Kwenye sufu yenye mchanga wa ziwani inalia, na meno yanakuwa butu upesi. Jike mwenye mimba kubwa simgusi.

Kijitabu chake kimeandikiwa nchi za baridi kali: nyoa kondoo baridi inapoisha, nyoa farasi wa kazi baridi inapoanza, asije akatoka jasho ndani ya manyoya mazito. Huku kwetu nafuata mvua. Nanyoa masika yakishakatika, mwezi Juni, nyasi zikianza kukauka, na siku za mwanzo nawalaza bandani kwa sababu upepo wa ziwa usiku si wa kuchezea aliyevuliwa nguo. Kabla ya vuli napunguza tu manyoya ya mkiani na mapajani.

Muuzaji alinihakikishia kwamba inafaa na farasi. Haifai. Jirani anaye farasi mzee wa kupandisha watoto kwenye sherehe. Kwa kawaida farasi wa Mwanza hana haja ya kunyolewa: koti la baridi huota siku zinapofupika, na hapa karibu na Ikweta mchana una urefu wa takriban saa 12 mwaka mzima. Brashi ngumu, kitana cha mpira na kijiti cha kuchokolea kwato vinamtosha. Huyu mzee manyoya yake yalirefuka yasipukutike, na daktari wa mifugo akasema ni ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo, unaowapata farasi wenye umri. Kitana cha meno mapana kilimwachia mistari mistari, na ngozi ya farasi ni nyembamba, ilibidi niache upesi. Mlio nao ulimtia hofu. Farasi anataka mashine nyepesi, isiyopiga kelele, yenye meno yaliyosongamana.

Kasoro nyingine: ni nzito, mkono unakufa ganzi. Sola yangu ndogo ya taa haiwezi kuiendesha, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi kondoo anabaki nusu kanzu, nusu kifua wazi. Nyaya nyembamba za kuunganishia zinapata moto, nunua nene.

Naipa nyota nne kwa kondoo, moja kwa farasi. Kabla hujalipa, uliza kama duka lina visu na vitana vya akiba vya aina hiyohiyo. Nilipozunguka maduka ya Makoroboi, mjini Mwanza, kutafuta vya kwangu sikuvipata, nikaagiza Nairobi. Fundi wa kunoa visu vya bucha usimpelekee: vinahitaji kunolewa kwenye sahani bapa, la sivyo kisu na kitana havigusani sawasawa.