Ndege ya sarakasi ya mabawa mawili, tena ya mtumba: ununue ipi?

Kabla ya kuulizia bei, mwombe mwenye ndege akufungulie kile kifuniko kidogo cha ukaguzi chini ya bawa. Chungulia kwa tochi, kisha nusa. Ukipata harufu ya uvundo, kama godoro lililolowa likaanikwa kivulini, funga kifuniko, mshukuru na uage. Ndani ya mabawa ya ndege hizi mna boriti za mbao, juu yake kitambaa cha poliesta kilichopakwa dawa na rangi. Unyevu ukishaingia humo, hautoki bila kubandua kitambaa chote.

Soko kubwa liko Marekani, na utakachokikuta kwa wingi ni Pitts au jamaa zake. Curtis Pitts aliirusha ya kwanza mwaka 1944, na baadaye zikawa zinaundwa kiwandani Afton, Wyoming. Mpangilio wangu ni wa rubani anayenunua ya kwanza, si wa bingwa.

Namba moja naiweka Pitts S-2A. Ina viti viwili, injini ya Lycoming ya silinda 4 yenye nguvu farasi 200, na ni ya kiwandani, kwa hiyo nyaraka zake zinaeleweka. Viti viwili ndiyo hoja yenyewe. Ndege hizi zina gurudumu la mkia, na wakati wa kutua pua inakuziba usione njia iliyo mbele. Unamhitaji mtu wa kukaa nawe saa kadhaa hadi miguu yako ijifunze. Ila msijaze tangi huku nyote wawili mkiwa vipande vya watu wenye parachuti mgongoni. Uzito utapita kiwango.

Ya pili ni Christen Eagle II, iliyotoka mwaka 1977. Injini ni ileile ya farasi 200, lakini kampuni ya Christen iliiuza kwa vipande na mnunuzi akaiunga mwenyewe nyumbani. Hapo humnunui Christen, unamnunua yule fundi wa gereji. Wako waliofanya kazi safi kuliko kiwanda, na wako waliochoka katikati.

Pitts S-1S ni ya tatu, na moyo unaniuma kuiweka hapo. Ndiyo aina ambayo timu ya Marekani ilitwaa nayo ubingwa wa dunia mwaka 1972, bawa lake toka ncha hadi ncha ni mita 5 na ushee tu, na inageuka kabla hujamaliza kuwaza. Lakini kiti ni kimoja: kutua kwako kwa kwanza utakuwa peke yako. Usiichanganye na S-1C, ambayo ni rahisi zaidi ila bawa lake halikuchongwa kwa ajili ya kuruka kichwa chini.

Ya nne Pitts S-2B, farasi 260. Wengi watanibishia, na kweli inapanda kama imetupwa. Lakini silinda 6 zinakunywa, na siku ya kufumua injini utaikumbuka S-2A. Skybolt ya Lamar Steen, mwalimu wa shule kule Denver, inafunga orodha kwa sababu moja: kila mtu aliijenga kivyake kwa michoro, hakuna mbili zinazofanana.

Sasa rudi kwenye ukaguzi, maana hapo ndipo pesa zinapotea. Lipa fundi wako anayezijua Pitts, usimtumie wa muuzaji. Kwenye boriti atafute nyufa nyembamba zinazokatiza nyuzi za mbao. Hizo huja pale ndege ilipojizungusha chini wakati wa kutua na ncha ya bawa ikagonga ardhi. Katika vitabu vya kumbukumbu za ndege ajali hiyo mara nyingi imeandikwa kwa upole, "bawa la chini limekarabatiwa." Uliza kwa nini. Apime pia mabomba ya chuma karibu na mkia, kwa sababu ndege hukaa mkia chini na maji hukimbilia huko. Na kama propela ni ya chuma na mwenyewe alipenda mizunguko ya ghafla, kichwa cha krenki, pale propela inapofungwa, kikaguliwe kama kina ufa.

Ukitaka kuileta Afrika Mashariki, uliza mamlaka ya anga kabla ya kulipa: ndege ya kujengwa nyumbani haina cheti cha kawaida cha kuruka kinachotambulika kila nchi.

Mwisho, mwenye ndege akurushe. Akiwa juu aipindue kichwa chini, akusomee sindano ya presha ya oili. Ikicheza kidogo wakati wa kupinduka kisha ikarudi, sawa. Mkishatua, inama utazame tumbo la ndege. Oili kidogo ni kawaida, zote zinamwaga. Ukimkuta mwenyewe ameshawahi hapo na kitambaa, mwombe akuonyeshe hicho kitambaa.