Siku tatu za mafunzo ya walezi wa kambi, Raskazone: nilichopata na nilichokosa

Nafundisha darasa la tatu hapa Tanga, na kila likizo ya Juni huwa mlezi kwenye kambi ya watoto: mpira, kuchora, safari ya Mapango ya Amboni, kuogelea. Mwaka jana tulimpokea mtoto wa miaka 9 mwenye usonji (autism), na hatukujua tumwanzie wapi. Siku ya pili, ngoma zilipoanza, aliingia chini ya meza akaziba masikio. Tulimbembeleza, tukamvuta mkono, tukamzingira watu wazima wanne. Mama yake alikuja kumchukua saa tano asubuhi na hakumrudisha tena. Kwa hiyo niliposikia kuna mafunzo ya siku tatu ya walezi wa kambi, nililipa Sh 45,000 siku ileile.

Pesa yangu siijutii, ingawa yapo mawili yaliyoniuma na nitayasema.

Asubuhi ya kwanza ilikwenda kwa slaidi: usonji, mtindio wa ubongo (unaoathiri viungo na mwendo), Down (hali ambayo mtoto huzaliwa nayo), ulemavu wa akili, ipi ni ipi. Nilichoondoka nacho humo ni habari ya Eunice Kennedy Shriver, aliyefungua uwanja wa nyumba yake huko Maryland, Marekani, mwaka 1962, ukawa kambi ya watoto wenye ulemavu wa akili. Walezi wake walikuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Miaka 6 baadaye, 1968, mashindano ya kwanza ya Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, yakafanyika Chicago. Nilipumua niliposikia kwamba walezi wale walikuwa vijana tu, maana hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba kazi hii inataka daktari, si mwalimu kama mimi.

Mchana ndipo mafunzo yalipoanza kweli. Mama mmoja kutoka Ngamiani alikuja na mwanawe wa miaka 12, akaniinua mimi. "Mwalimu, mwambie mwanangu akanawe mikono." Mtoto alikuwa na mpira mkononi. Nikamwambia, "Haya babangu, mchezo umekwisha, weka huo mpira, njoo tunawe tukale, chakula kisipoe." Akanitazama tu. Nikarudia, sauti ikapanda. Mama akanizuia kwa mkono. "Umempa kazi nne kwa pumzi moja. Ya kwanza hajaimaliza kuielewa, umemwongezea."

Kisha akafanya yeye. Alichuchumaa usawa wa macho ya mwanawe, akamwonyesha picha ya bomba la maji, akasema, "Nawa mikono." Akanyamaza. Ukumbi mzima tukanyamaza naye. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni, na ilipofika sita nilishataka kusema neno. Ilipofika tisa, mtoto akauweka mpira chini, polepole, akaenda kwenye ndoo. Miaka 11 niko darasani, na sikumbuki kama niliwahi kumsubiri mwanafunzi kwa hesabu ya tisa.

Siku ya pili ilikuwa ya mikono. Tulikata maboksi ya biskuti, tukabandika picha za shughuli za siku kwa mpangilio: viatu, chai, mpira, choo, bahari, nyumbani. Shughuli ikiisha, mtoto anaing'oa picha yake na kuitia mfukoni mwa kitambaa, anaona kwa macho kilichobaki. Tulitenga pia pembe ya utulivu, mkeka na khanga mbili za kuzuia mwanga, mtoto aende mwenyewe kabla hajazidiwa na kelele, asipelekwe kama adhabu. Nikamkumbuka yule wa chini ya meza. Alikuwa amejitafutia pembe yake, nasi tukamtoa.

Muuguzi alitupa saa nzima ya kifafa, kwa kuwa watoto wengi wenye ulemavu wa aina hizi wanacho. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimshike kwa nguvu, tazama saa. Degedege ikipita dakika 5, hospitali. Na usimtie kitu chochote mdomoni. Wengi wetu tumekua tukiona watu wakiingiza kijiko, kwa hiyo palikuwa na ubishi, na alivumilia mpaka wa mwisho akaelewa. Alitukataza pia kuwapindua kichwangomba watoto wenye Down kabla daktari hajawapima shingo. Habari ya kumsaidia mtoto chooni ilisemwa kwa adabu na uwazi, hapo sina neno.

Sasa yaliyoniuma. Ukumbi ulikuwa ghorofani na hauna njia nyingine ila ngazi. Mama aliyekuja na binti mwenye mtindio wa ubongo alimpandisha mgongoni, na vijana wawili wakabeba kiti chake cha magurudumu. Binti alikuwa mkubwa, miaka 13 hivi, na aliinamisha uso muda wote wa kupandishwa. Walioandaa wanapaswa kutafuta ukumbi wa chini, hata kama ni mdogo.

La pili ni bahari. Tulielezwa kwamba watoto wengi wenye usonji hupenda maji na huweza kuchomoka bila kuaga, na kwamba kuzama ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vyao. Jambo zito namna hiyo lilipewa dakika 20, tumekaa vitini, na bahari inaonekana dirishani! Sisi hapa maji yakipwa mtoto anaweza kutembea mbali mchangani, yakaanza kujaa yuko hukohuko. Nilitaka tushuke ufukweni tufanye zoezi: nani anamtazama nani, nani anahesabu, tunapigaje filimbi. Niliambiwa muda umebana. Kama unajiandikisha awamu ijayo, dai zoezi hilo kabla ya kulipa.

Juzi nilikwenda nyumbani kwa yule mtoto wa mwaka jana. Mama yake alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani mara moja. Nikamtolea picha zangu za maboksi. Alizipitia moja moja, akaniuliza ya kikombe iko wapi, maana mwanawe hanywi ila kwenye kikombe kimoja. Akaenda kukileta. Cha bluu, mpini umekatika. Nikakipiga picha palepale, na sasa kimebandikwa baada ya mpira, kabla ya bahari. Kambi inaanza Jumatatu.