Klachi ya MGB yangu: gereji moja ya Maweni, Malindi

Kama una MGB, lile gari la zamani la michezo la Kiingereza, na klachi imelegea, mpelekee fundi anayeanzia kwenye pedali, si anayeanza kwa kukuuzia spea. Mimi wangu nimempata Maweni. Namsifu, ingawa si kwa kila kitu.

Gari ni la 1972, lile la wazi. Gia ya kwanza ilikuwa haiingii vizuri, na rivasi, ambayo haina sinkro (kile kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), ikilia hata watu wakageuka. Nikipampu pedali inakubali. Gereji niliyokwenda mwanzo ilitaka kushusha injini, maana kwenye MGB sahani ya klachi huifikii bila kuitoa. Nikaondoka.

Huyu wa Maweni alilala chali chini ya dashibodi, akachomoa pini inayoshika pedali na fimbo ya silinda ya juu, ile inayosukuma mafuta hadi silinda ya chini, kwenye gia. Imelika, na tundu lake limekuwa na umbo la yai. "Ami, hapa mguu wako wapotea bure," akaniambia. Silinda ya chini husukuma fimbo yake kama nusu inchi tu, basi kila kinachopotea kwenye pini kinaonekana kule kwenye gia.

Kisha akavuta kifuniko cha mpira cha silinda ya chini, mafuta yakatiririka. Mimi nilitaka raba mpya ya ndani ya kuzuia mafuta tu, ndiyo rahisi. Akaifungua akanipitishia kidole ndani: vishimo vya kutu. DOT 4, mafuta ya breki yanayotumika pia kwenye klachi, hunywa unyevu, na wa kwetu pwani haupungui. Raba mpya kwenye ukuta kama ule hukatika upesi. Tukaagiza silinda nzima kutoka Uingereza pamoja na hozi, kwa kuwa hozi kuukuu huvimba kwa ndani na kuziba. Spea hazisumbui kupatikana: magari haya yalitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1962 na 1980.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna alivyotoa upepo ulioingia kwenye mafuta. Hakunipampisha pedali jioni nzima. Alichukua bomba la sindano la ng'ombe na kipande cha mpira, akasukuma mafuta kutokea nipeli ya chini, kile kitundu cha kutolea upepo, hadi juu, kwa sababu upepo wenyewe unapenda kupanda. Pedali ikawa ngumu palepale. Nilipomuuliza habari za DOT 5 ya silikoni alikataa katakata: haichanganyiki na DOT 4, na laini yote ingebidi isafishwe.

Kasoro sasa. Spana za inchi hana, na gari hili boliti zake nyingi ni za inchi. Nilimkuta anaikaribia nipeli na spana malaya, nikamzuia, nikaleta zangu. Nanyi nendeni na zenu. Pia funikeni madigadi kwa kitambaa kinene, maana mafuta ya breki hula rangi na yeye humwaga bila kujali. Langu lina baka la ukubwa wa kiganja, na habari ya nani atalipia rangi bado tunabishana.