Jirani anavunja zege la njia ya gari: uzibe masikio au dirisha?

Mtaa kama Isamilo jijini Mwanza, nyumba zikiwa zimepandana mlimani juu ya mawe, mashine ya kuvunja zege husikika hadi chumbani. Kwa kazi ya siku mbili tatu, vizibo vya sponji vya masikioni vinashinda. Kisokote kiwe chembamba kuliko penseli, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kitanuke. Wengi huachia mapema; kinabaki nusu nje na kelele inapita pembeni. Mtoto mchanga usimwekee kabisa, kinaweza kumkaba.

Kwake, na kwa mgonjwa, ziba dirisha. Godoro pekee halitoshi, ni jepesi mno. Vioo vya luva havifungi sawasawa, kwa hiyo funika fremu nzima kwa plaiwudi ya milimita 18 yenye utepe wa sponji pembezoni. Upenyo wa kidole tu unaharibu kazi yote. Ubaya ni joto: upepo wa ziwa umeufungia nje, hivyo acha wazi dirisha la upande wa pili.

Mtetemo wa kushindilia kifusi hupita ardhini. Hapo ubao hausaidii. Muulize fundi saa ya kushindilia, umtoe mtoto mapema.