Kalkuleta ya tarakimu 12: naijaribu kwa 12345679

Habari zenu, ndugu zangu. Nipo barazani hapa Mikindani, na hii mkononi ni kalkuleta ya mezani ya tarakimu 12, zile za dukani. Siijaribu kwa mbili jumlisha mbili. Naijaribu kwa namba moja: 12345679. Isomeni taratibu. Nane haimo.

Kwa nini hii? Kalkuleta yangu ya zamani ilikufa kijistari kimoja kwenye kioo, nane ikawa inasomeka sita. Nikampigia mama hesabu ya dagaa wake, 1,180,000, mimi nikamsomea 1,160,000. Akapokea hiyo hiyo. Elfu ishirini ya mama yangu ikaenda hivi hivi, na bado inaniuma.

Sasa nasogeza kamera. Kila tarakimu hapa imeundwa kwa vijistari saba, na nane peke yake ndiyo inayoviwasha vyote. Napiga 12345679 mara 72. Tazameni: 888888888! Nane ziko tisa, kutoka kwenye namba isiyo na nane hata moja. Nafasi tatu za kushoto bado tupu, kwa hiyo pigeni 37037037037 mara 24, kioo kizima kinajaa nane. Mkiona pengo popote, rudisheni. Kioo cha hii ni kizima.

Mkitaka saba tupu, zidisheni kwa 63. Moja tupu, kwa 9, ila kalkuleta ya tarakimu 8 hapo itatoa E, alama ya kosa, maana jibu lina tarakimu tisa.

Nane ilikwenda wapi? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Gawanyeni 1 kwa 81: 0.01234567901. Endeleeni kwa kalamu, 012345679 inajirudia bila mwisho. Kwa ndani ni 1, 2, 3 na kuendelea, kila moja imekaa kwenye nafasi yake. Ikifika 10, nafasi moja haiitoshi, inabeba moja kwa jirani yake 9. Tisa inakuwa kumi: andika sifuri, beba moja. Hiyo moja inamfikia 8, naye anakuwa 9. Nane hakurukwa, amepanda!

Na zidisheni kwa 2: 24691358, saba haimo. Kwa 4: 49382716, tano haimo. Kwa 7: 86419753, mbili haimo. Jumlisheni isiyokuwemo na mliyozidishia, ni 9 kila mara. Kwa 3 na 6 mambo ni mengine; kwa 3 inatoka 37037037, ndiko nilikoitoa ile ndefu.

Vitufe sasa. Kitufe cha 00 kizuri, kinaokoa muda kwenye maelfu. Cha 7 kigumu. Ile 12345679 mara 72 nimeirudia safari kumi, na safari mbili saba ya 12345679 haikuingia, ikatoka 88888968. Kwenye hesabu ya dagaa nisingeligundua kamwe. Jioni hii naipeleka dukani wanibadilishie, na hiyo nyingine nitaipiga 72 pale pale kaunta kabla sijaondoka.